Picha za zamani nazo ziliunganishwa

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kuwa picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe haiwezi kuwa ya kuunganishwa, kwani kompyuta hazikuwepo. Si kweli. Miaka ya 1920 na 1930, wabunifu wa mabango Ujerumani, Urusi na Uswisi walikata picha kwa mkasi, wakazibandika kwa gundi, wakalainisha kingo kwa rangi ya kupuliza, kisha wakaipiga picha kazi nzima upya. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa: negativu mpya (filamu ya kusafishia picha) haina alama ya gundi. (Wabunifu hao hata hawakuficha kuwa wameunganisha, uso mkubwa kuliko mlima ulikuwa mtindo.)

Kagua vivuli: vikielekea pande tofauti ilhali jua ni moja, tilia shaka. Tazama nywele, mkasi hunyoosha mno kingo zake. Linganisha chembechembe, yaani vidoadoa vidogo vya filamu vinavyoonekana kwenye picha; kipande kilichokuzwa zaidi huwa na chembe kubwa. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.