Ziwa Tanganyika: Kina, Upepo wa Kusi na Mlango wa Lukuga

Ziwa Tanganyika limo ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo gamba la dunia linavutwa pande mbili na sehemu ya katikati ikididimia taratibu kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo sababu ziwa hili la Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lina urefu wa takribani kilomita 670 na upana wa wastani wa kilomita 50 tu, huku kina chake kikifika mita 1,470, cha pili duniani baada ya Ziwa Baikal. Kazi hiyo ya ardhi haijakoma: tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilianzia chini ya ziwa hilihili.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kina hicho haina samaki, kwa kuwa kuanzia mita 100 hadi 200 kwenda chini oksijeni hutoweka. Virutubisho huzama huko na kukaa, mpaka kusi inapovuma, kati ya Mei na Septemba, ikasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyaacha ya chini yapande upande wa kusini. Hapo mwani hustawi, dagaa wakala, na migebuka wakawafuata dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi mno kuchanganyika na ya chini, na kwangu hili ndilo tishio kubwa kuliko yote.

Misafara ya Bagamoyo ilikuwa ikifika Ujiji kabla wapelelezi Waingereza Burton na Speke hawajatia mguu hapo mwaka 1858. Wageni hao na waliowafuata walisumbuliwa na swali moja: maji ya ziwa hutoka nje kupitia wapi? Mpelelezi Stanley alipofika mto Lukuga, upande wa magharibi wa ziwa, mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na matete. Miaka michache baadaye maji yalipanda, yakapasua kizuizi hicho, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Mnara wa kukutana kwa Stanley na Livingstone pale Ujiji leo uko mbali na ufuko. Lukuga ungali ndio mto pekee unaotoa maji ziwani, na unapojaa mashapo huku mvua zikiwa nyingi, kama miaka ya karibuni, wanaofurikiwa ni wakazi wa Bujumbura, Kalemie na Kigoma.