Nshachoka na picha ya jani moja

Juzi nimeamka nakuta meseji WhatsApp, picha ya jani moja limeshikwa kwa vidole viwili, nyuma yake sakafu ya saruji, na swali: huu mti waitwaje na unatibu nini? Hakuna kusema umetoka wapi wala mrefu kiasi gani. Kazi yangu ni kutambua na kuainisha mimea, niko Mombasa miaka yote hii, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, watu kuamini kwamba picha ya jani inatosha, na siku hizi wameongeza la programu ya simu, ati simu ishasema ni mwarobaini basi ni mwarobaini.

Haiwi hivyo jamani. Kuna mama alikuja kutoka Likoni na mfuko wa majani makavu, kauziwa kama mwarobaini, ameshaanza kuchemsha. Nikatafuta jani zima humo ndani nikalitandaza mezani. Mwarobaini, yaani Azadirachta indica, jani lake lina ukonyo mmoja katikati na vijani vimejipanga huku na huku, basi. Hili la mama ukonyo ulikuwa unatoa vikonyo vingine pembeni, vijani viko kwenye hivyo vikonyo, na hio ni Melia azedarach, ndugu yake kabisa wa ukoo mmoja, vijani vya miti yote miwili vina meno pembeni kwahivyo ukipiga picha kijani kimoja hata mimi siwezi kukuapia. Ukiona maua huulizi tena, ya mwarobaini ni meupe, ya Melia ni zambarau. Na matunda ya Melia ni sumu kwa binadamu. Nilimwambia, mamangu, mwaga hio sufuria.

Kwahivyo mimi nataka kitawi, chenye maua au matunda au vyote, unakilaza ndani ya gazeti, jani moja ulipindue mgongo uonekane, unafunga baina ya vibao viwili kwa kamba, na kwa huu unyevu wetu wa Mombasa ubadilishe gazeti kila siku la sivyo kesho kutwa ni ukungu mtupu. Alafu uandike, tena hapohapo porini: mahali, tarehe, urefu wa mti, kama unatoa utomvu, harufu, na rangi ya ua manake rangi hupotea likikauka. Na jina la kienyeji pia andika, na umeambiwa na nani, manake jina moja kwa Wadigo na kwa Wagiriama linaweza kuwa miti miwili tofauti.

Kisha hio sampuli inahifadhiwa. Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, iko Makumbusho ya Taifa Nairobi, ina sampuli karibu milioni moja, na yeyote akinibishia miaka hamsini ijayo ataenda kufungua karatasi aangalie. Picha ya simu yako itakuwa wapi? Kuna ofisi moja ilishawahi kuniletea orodha ya miti ya kiwanja chao, majina mengi na sampuli hata moja hakuna, wakataka niweke sahihi. Nilikataa, na ningekataa tena.

Dhana nyingine, kwamba mimea yote ishajulikana kazi imekwisha. Karomia gigas ni mti mkubwa uliokusanywa hapa Pwani ya Kenya 1977, ukaja kupotea huku kwetu, na 2011 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta kusini mwa Tanzania, miti michache tu ya kuhesabu. Bila ile sampuli ya kwanza wangejuaje wameona nini?

Kwamba tunabadilisha majina ya Kilatini kwa kupenda tu, hapana. Migunga ilikuwa yote Acacia, utafiti ukaonyesha si kundi moja, ikabidi kugawanya, na mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea, Vienna 2005, ukaamua jina Acacia libaki na ile ya Australia ambayo ndio mingi zaidi. Yetu sasa ni Vachellia au Senegalia. Iliniuma mimi pia lakini sababu ipo.

Kwamba mwarobaini ni wa asili ya Pwani: umetoka Bara Hindi huko.

Na kwamba mtaalamu wa mimea ni mganga, hapana, usiniulize vijiko vingapi.

Ya mwisho, mikoko ni mti mmoja. Kenya iko spishi tisa. Teremka Tudor hapa Mombasa maji yakishakupwa, wenye mizizi kama miguu ya buibui ndio mkoko, wenye vimizizi kama penseli vimechomoza topeni ni mchu, na jani la mchu ukililamba lina chumvi. Wavuvi na wakata boriti wanajua yote hayo toka zamani, mchu, mkandaa, muia, mlilana, kila mmoja na jina lake na kazi yake, nyinyi wa mjini ndio mnaita yote mikoko.