Theluji haiyeyushwi na mvua, tusiisingizie

Kila baridi ikikaribia kuisha kule nchi za kaskazini naulizwa swali lilelile, mbona mvua ya kawaida tu, milimita 30 au 40 hivi, ambayo mwezi wa saba ardhi ingeinywa yote ikaisha, mwezi wa tatu inaleta mafuriko ya kubeba madaraja? Na anayeuliza anakuwa na jibu lake kabisa, eti mvua imeyeyusha theluji. Kidogo sana.

Mi kazi yangu ni haidrolojia, yaani elimu ya maji ya mvua, theluji na mito, kwa hiyo nivumilieni nipige hesabu. Mvua ya milimita 10 yenye joto la nyuzi 10 inayeyusha theluji ya kutoa maji milimita 1 na kitu tu, basi. Mchawi ni ule upepo wa joto wenye unyevu unaokuja pamoja na mvua, maana mvuke ukigusa theluji unageuka maji na palepale unaachia joto la ajabu, gramu 1 ya mvuke inatosha kuyeyusha gramu 7 hivi za barafu. Ndo maana usiku wa ukungu na upepo unaninyima usingizi kuliko mvua yenyewe.

Sasa hayo maji yataenda wapi? Chukua sururu upige ardhi. Kama udongo ulilowa chepechepe kabla haujaganda, sururu inadunda na mkono unakufa ganzi, hiyo ni zege, vitundu vyote vimezibwa na barafu. Ukiganda mkavu unamegeka na maji bado yanapenya. Yaani mafuriko ya Machi mara nyingi yameanza kupikwa na mvua za Novemba, na nani anazikumbuka?

Nebraska, Marekani, Machi 2019 vyote vilikutana, theluji, ardhi iliyoganda, mvua, halafu barafu nene ya mitoni ikavunjika, tarehe 14 bwawa la Spencer kwenye mto Niobrara likabomoka, na mji wa Fremont ukazungukwa na maji ukawa kisiwa.

Wengine wanabisha eti theluji yenyewe ilikuwa ndogo bana. Kwa macho sawa, ila theluji ya mwisho wa baridi imeshashikamana, sentimita 30 zake zinaweza kubeba maji sentimita 10 wakati ile iliyoanguka jana, kina hichohicho, ni 3 tu. Kwa hiyo achana na rula, chomeka bomba mpaka chini, litoe na theluji yake, kaipime kwenye mizani, uzito ndo utakwambia imebeba maji kiasi gani.