Kifungua mimba alikimbia, kitinda mimba akakaa

Kitinda mimba wangu alitimiza miezi 15 akiwa bado anatembea kwa makalio. Alikuwa anakaa wima, anatanguliza mguu mmoja, kisha anajivuta huku mkono wa kulia ukisukuma sakafu kama kasia. Akitaka kitu upande wa pili wa chumba alifika haraka, wala hakuhitaji msaada. Dada yake katika umri huohuo alikuwa anakimbia, nami nyuma yake nikifunga milango.

Kazi yangu ni fiziotherapia ya watoto, mwaka wa 12 sasa. Kila wiki nakaa na mzazi anayeniuliza mbona wa jirani anatembea na wake bado. Majibu ninayo. Lakini mtoto akiwa wa kwako, tena nyumbani yupo mwingine wa kumlinganisha naye, majibu yaleyale yanakuwa mazito kuyaamini. Usiku nilikuwa nahesabu wiki. Mama mkwe alinipigia simu, akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyu mjukuu wangu miguu ina nguvu kweli?" Nikamwambia, "Ina nguvu, mama." Nilipokata simu nilikwenda kuishika tena ile miguu.

Nianze na namba, maana ndizo zinazowatesa wazazi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto 816 wenye afya njema katika nchi 5: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walitazama hatua 6 za viungo, kuanzia kukaa hadi kutembea. Kukaa bila kuegemea kuliangukia kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama dede, kati ya miezi 6.9 na 16.9. Kutembea peke yake, kati ya miezi 8.2 na 17.6. Hao wote ni watoto wazima. Kati ya aliyewahi na aliyechelewa kuna zaidi ya miezi 9, ndiyo maana sisi wa kazi hii tunaita dirisha: mtoto anapita popote katikati, na akishapita huwezi kumtazama akiwa na miaka 3 ukajua alipitia kona ipi.

Shida ni kwamba mzazi haambiwi dirisha, anaambiwa wastani. Anasikia "miezi 12" na kuichukua kama tarehe ya mwisho, wakati miezi 12 ni katikati tu. Watoto wengi wazima wako ng'ambo yake. Natamani neno wastani lisitajwe kabisa mbele ya mzazi bila mipaka yake miwili.

Kuhusu kutambaa, jambo ambalo wengi hawalijui: katika utafiti huohuo, asilimia 4.3 ya watoto hawakutambaa kwa mikono na magoti kamwe. Wapo wanaojiburuza kwa tumbo, wapo wanaojisukuma kwa makalio, wapo wanaotoka kukaa wakasimama moja kwa moja. Mwaka 2022 kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa kilipoandika upya orodha yake ya hatua za makuzi, kutambaa kuliondolewa. Na mtoto wa makalio mara nyingi huchelewa kutembea, kwa sababu iliyo wazi ukimtazama: mikono yake iko huru kushika vitu, macho yake yako juu, anafika anakotaka. Kusimama kunampa nini cha ziada? Tena tabia hii hutembea katika koo. Nilipolikumbuka hilo nilimpigia mama mkwe, safari hii mimi ndiye mwenye swali. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Baba yake naye hivyohivyo. Alijisukuma mpaka suruali zote zikatoboka nyuma, akatembea mwaka na nusu umepita." Alikuwa amesahau. Nilikaa chini nikashusha pumzi.

Hata hivyo sikuishia kwenye historia ya ukoo. Kuna vitu navitazama kwa kila mtoto, na kwa wangu nilivitazama kwa mpangilio uleule. Je, pande mbili za mwili zinafanya kazi sawa? Ule mkono wa kulia uliokuwa kasia ulinipa wasiwasi, kwa sababu mtoto anayependelea mkono mmoja waziwazi kabla ya mwaka mmoja anastahili kuchunguzwa. Huenda ule mwingine una udhaifu. Nikampa mpira mkono wa kulia. Akaukumbatia, akaanza kusukuma sakafu kwa wa kushoto, kwa kasi ileile. Nikamsimamisha kwenye ukingo wa kitanda nione kama nyayo zinakaa bapa au anasimama kwa vidole. Zilikaa bapa. Nikamwinua kwapani nihisi kama mabega yanashika au yanateleza mikononi mwangu. Yalishika. Na zaidi ya yote nikajiuliza: mwezi huu anaweza kitu ambacho mwezi uliopita hakukiweza? Alikuwa anaweza kujivuta mpaka akasimama kwa kushikilia. Basi mwelekeo upo.

Mwelekeo ndio ninaoutafuta kuliko tarehe. Mtoto anayechelewa lakini kila mwezi anaongeza kitu namsubiri kwa utulivu. Mtoto aliyekuwa anaweza jambo kisha akaliacha, awe na umri wowote, simsubirishi hata wiki. Vilevile asiyekaa mwenyewe akifika miezi 9, na asiyetembea akifika miezi 18, aonwe na daktari. Kwa mtoto wa kiume asiyetembea kwa miezi 18 naomba pia kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli, kwa sababu yapo magonjwa ya misuli yanayowapata zaidi wavulana ambayo dalili yake ya kwanza inaweza kuwa hiyo tu. Na aliyezaliwa kabla ya wakati, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, mpaka afike miaka 2. Nimeona mama wakilia kwa kuchelewa ambako hakukuwepo, ilikuwa hesabu tu.

Aliyemtembesha mwanangu ni dada yake. Kwa muda mrefu dada ndiye aliyekuwa miguu ya mdogo wake. Mdogo akinyoosha kidole, dada ameleta. Alikuwa anafanya kwa mapenzi matupu, nami sikutaka kumkemea kwa kupenda. Kwa hiyo nikamwomba awe msaidizi wangu. Nikamwonyesha: kile anachokitaka, usimpe mkononi, kiweke juu ya kiti, halafu kwenye kiti cha pili, na katikati acha nafasi ndogo kuliko urefu wa mkono wake. Kitu chenyewe kilikuwa kifuniko cha sufuria. Alikipenda kwa sababu kikigongwa kinalia. Dada alichukua kazi hiyo kwa uzito wote. Kila jioni alipanga viti, akapima nafasi kwa mkono wake mwenyewe, akapiga kifuniko mara mbili, akakiweka. Mdogo akajivuta juu ya kiti cha kwanza, akakiona kifuniko, akanyoosha mkono, ukapelea. Siku nyingi zilipita hivyo. Siku moja aliachia kiti. Alisimama dede, mikono juu, tumbo mbele, vidole vya miguu vikishika sakafu. Akapiga hatua mbili za kwenda tata, akaanguka juu ya kiti cha pili akiwa amekishika kifuniko. Alikuwa na miezi 17. Dada alipiga kelele mpaka mdogo akalia kwa kushtuka.

Baada ya hapo ni kuanguka. Mwaka 2012 Karen Adolph na wenzake walichapisha hesabu walizofanya kwa watoto wa miezi 12 hadi 19 waliokuwa wanacheza kwa uhuru: wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa moja. Kwa saa moja. Mzazi akiniambia mtoto wake anaanguka mno huwa namwonyesha namba hizo. Mtoto anajifunza kutembea kwa kutembea, hivyo anahitaji sakafu iliyo wazi na miguu mitupu ndani ya nyumba, maana nyayo zinahisi sakafu na vidole vinajifunza kushika. Kile kigari cha magurudumu anachowekwa mtoto ndani ili ajisukume sikukiingiza kwangu. Kinamfundisha kusukuma kwa vidole huku amening'inia, na kimewaporomosha wengi kwenye ngazi. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004, na ningefurahi kwingine kote kungefuata.

Sasa nimzungumzie dada, kwa sababu kifungua mimba ana hatua zake ambazo husahaulika mdogo akishazaliwa. Alikuwa na miaka 3 na nusu siku tuliyomleta mdogo wake nyumbani. Tayari alikuwa halowanishi kitanda. Ndani ya wiki mbili akaanza tena. Akataka kubebwa, akarudia kuongea kitoto. Nimesema hapo juu kwamba kupoteza uwezo hakusubiriwi, kwa hiyo tofauti hii ni muhimu: yeye alikuwa anaweza, ila hakutaka. Akisahau, alipanda ngazi vizuri, alizungumza sentensi ndefu, alivaa viatu mwenyewe. Mtoto aliyepoteza uwezo hawezi hata akisahau, hata akiwa na furaha. Wa kwangu alikuwa anauliza kama nafasi yake bado ipo. Tulimbadilishia shuka bila neno, na kila siku nikampa robo saa yangu bila mtoto mdogo mapajani. Baada ya miezi miwili hivi kitanda kikakauka.

Halafu ukaja uongo wa kwanza. Ametimiza miaka 4, mdogo ana miezi 6 na hata kukaa bado. Nikaukuta mstari wa penseli ya rangi ukutani, mrefu, kwenye kimo cha bega lake. Akasema, "Mama, mtoto ndiye aliyechora." Mtoto mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka. Tuliufuta ukuta pamoja na nikamwambia wazi kwamba nataka ukweli. Lakini usiku nikauandika mstari ule kwenye daftari la makuzi. Ili mtoto adanganye ni lazima awe ameshajua kwamba kilichomo kichwani mwake si lazima kiwemo kichwani mwangu. Heinz Wimmer na Josef Perner walilipima hilo katika jaribio walilolichapisha mwaka 1983: mtoto anasimuliwa kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti kabatini, akatoka, nyuma yake ikahamishwa. Akirudi ataitafuta wapi? Wa miaka 3 kwa kawaida husema pale ilipo sasa. Kuanzia miaka 4 au 5, wengi husema pale alipoiacha. Binti yangu alikuwa amevuka mto huo, na ng'ambo yake ndiko anakopatikana pia mtu anayeweza kukufariji, kukuwekea siri, na kuwaza kwamba mdogo wake anaogopa giza ingawa yeye haogopi.

Leo ana miaka 6 na nusu. Wiki iliyopita limemtoka jino la kwanza, la mbele chini. Nikamwomba afungue kinywa nikaona lingine ambalo hakuna aliyeligundua: gego jipya nyuma kabisa, pale ambapo hapakuwa na jino la kung'oka. Gego hilo huja kimya karibu na miaka 6 na wazazi wengi hulidhani la utoto, wakaacha lioze. Lipigwe mswaki kama mali, kwa sababu hilo halina mbadala.

Mdogo, sasa ana miaka 3, alitia kidole kwenye pengo la dada yake, akauliza limekwenda wapi. Kisha akaanza kujishika ya kwake, moja baada ya jingine, akisukuma kila moja aone kama linacheza. Dada akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akahesabu kwa sauti. Juu 10, chini 10.