Je, wajua moto unaweza kuwaka ndani ya maji?

Ukimimina mafuta ya kula kwenye sufuria ya maji, yataelea hata ukoroge mpaka mkono uchoke. Chumvi haikawii kuyeyuka. Sasa yafungie maji hayo kwenye chombo cha chuma kinene, uyapashe moto hadi yapite nyuzi 374 za Selsiasi, mgandamizo nao uzidi mara 218 ule wa hewa ya kawaida. Mambo yanageuka: mafuta yanayeyuka, chumvi inajitenga na kudondoka kama unga.

Kwa nini? Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi. Kwa pande hizo molekuli hushikana, na kwa hizo hizo huing'ang'ania chumvi. Joto kali hulegeza mshiko huo. Maji yakifika hapo si kimiminika tena, wala si mvuke. Huitwa maji supakritiko. Ukichungulia kwenye kidirisha cha chombo cha majaribio, unauona mstari kati ya maji na mvuke ukififia, ukififia, mara haupo. Kwangu mimi hakuna kinachopendeza kuliko hicho.

Oksijeni nayo huchanganyika humo bila kizuizi, ikakutana na fueli ana kwa ana. Methanoli, aina ya alkoholi, kwa mfano, huungua ikabaki kaboni dioksaidi na maji tu. Huko Karlsruhe, Ujerumani, miaka ya 1980, mwanakemia E. U. Franck na wenzake walipuliza oksijeni kwenye mchanganyiko wa maji na gesi ya methani, ndimi za moto zikawaka humo humo.

Ndiyo maana njia hii inafaa kwa taka zenye sumu. Tope la majitaka halihitaji kukaushwa kwanza, na ndani ya dakika moja, pengine sekunde chache, karibu sumu yote ya kikaboni imeungua. Joto kwa kawaida halizidi nyuzi 650 hivi, kwa hiyo zile oksidi chafu za naitrojeni hazipati nafasi ya kutengenezeka.

Tatizo ni ile ile chumvi. Hugandamana ndani ya mabomba hadi yanaziba, na taka zenye klorini huzaa asidi inayotafuna hata aloi (metali za mchanganyiko) za nikeli. Baadhi ya mitambo hupitisha maji ya baridi kidogo kwenye kuta za ndani, ili chumvi ikigusa hapo iyeyuke tena.