Microsoft haikugawanywa, lakini kesi haikuwa bure

Ukikaa na mafundi wa kompyuta wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, utasikia kwamba kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft ilipotea bure kwa sababu kampuni haikuvunjwa. Ni nusu ya habari. Juni 2000 jaji aliamuru igawanywe kuwa kampuni mbili; mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikafuta amri hiyo, ila ikathibitisha kwamba Microsoft ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Hapo ndipo wengi huishia, na utamu uko mbele. Zamani mikataba ya Microsoft ilimkataza mtengenezaji wa kompyuta hata kuondoa kwenye skrini alama ya Internet Explorer, programu yake ya kufungulia tovuti. Mapatano kati ya serikali na Microsoft yakakomesha hilo, chini ya macho ya mahakama hadi Mei 2011.