Stenti ya moyo: mshipa huimeza taratibu

"Mwanangu, kifua hakinibani tena. Hizi dawa za damu si nizipumzishe?" Swali hili nalisikia sana kwa wagonjwa wa Tabora waliorudi kutoka Dar es Salaam wakiwa wamewekewa stenti. Huwa nawaambia watazame miembe yetu ya zamani iliyowahi kufungwa waya wa uzio. Mwanzoni waya uko nje, unaushika kwa kidole. Miaka ikipita, gome linaumeza.

Stenti ni kiwavu cha chuma kinachotanua mshipa wa moyo ulioziba. Siku inapowekwa, nyuzi zake zipo uchi ndani ya damu, na damu ikikutana na chuma kitupu huelekea kuganda. Donge likiziba hapo, ni shambulio la moyo. Ukuta wa mshipa huanza kuotesha utando juu ya nyuzi. Stenti nyingi za sasa zimepakwa dawa ili utando usinenepe ukaziba njia upya, ila dawa hiyohiyo huchelewesha kupona. Ndiyo maana aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, hutumiwa pamoja kwa kawaida miezi 6, au 12 kwa aliyepata shambulio la moyo. Anayetokwa damu kirahisi hupangiwa muda wake.

Utando huo huonekana kwa kipimo cha mwanga kiitwacho OCT. Mrija mwembamba hupitishwa mkononi au kinenani hadi kwenye mshipa wa moyo, kisha damu husukumwa kando kwa sekunde chache, kwa kuwa chembe nyekundu hutawanya mwanga. Picha hutoka mviringo, kama kitunguu kilichokatwa. Kila uzi wa chuma ni alama inayong'aa yenye kivuli nyuma yake: ikiwa chini ya utando, umefunikwa, ikichomoza, bado uchi. Kipimo hutofautisha vitu hadi mikromita 10 hivi, wakati unywele una unene wa kama 70. Hata hivyo ngozi ya ndani kabisa ya mshipa ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo hata picha safi haithibitishi kila kitu.

Si kila mgonjwa anakihitaji, maana ni kuingia mshipani tena. Na ultrasaundi ya moyo haioneshi nyuzi hizo. Inaonesha moyo unavyosukuma damu.

Daktari wa meno akitaka kung'oa jino, mwambie una stenti kabla hujaacha kidonge chochote. Ukipanda treni ya Kigoma, vidonge vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye gunia la mizigo.